Ramadhani 17: Aliyebaki Nyumbani Siku ya Badri



Leo ni siku ya 17 ya Ramadhani. Kama ilivyo ada, tarehe hii tunavikumbuka vita vya Badri vya mwaka wa 2 Hijria. Waislamu walikuwa kiasi cha watu 313, na Makureshi wakikaribia 1,000. Baada ya tarawehe maustadhi watatueleza habari ya visima, ya malaika na ya ushindi. Mie nimeombwa niandike tafakuri ya leo kutoka upande wa kina mama, na nimechagua kumzungumza mtu ambaye siku ile hakuwapo Badri kabisa.

Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.) alibaki Madina. Mkewe, Bibi Ruqayya binti wa Mtume (s.a.w.), alikuwa mgonjwa sana, na Mtume mwenyewe ndiye aliyemwambia abaki amuuguze. Miaka mingi baadaye alikuja mtu wakati wa hija akamtoa kasoro Uthman mbele ya Abdullahi bin Umar: ati Badri hakwenda. Bin Umar akamjibu kwamba Uthman alikuwa anamuuguza mkewe, na Mtume alimwahidi ujira wa mtu aliyeshiriki Badri pamoja na fungu lake la ngawira. Habari hii imo katika Bukhari.

Basi swali langu la leo ni hili: mtu aliyefungwa nyumbani na ugonjwa wa mwenzake, Ramadhani yake imempita? Na hiyo subira anayohimizwa kila siku ni kitu gani hasa?

Nauliza kwa sababu yamenikuta. Baba watoto ameyasoma haya kabla yenu na amenipa ruhusa.

Wengi wenu mnajua. Miaka mitatu iliyopita, msimu wa karafuu, mume wangu alianguka mtini. Usiku wake ilikuwa imenyesha. Asubuhi akasema, leo niiache miti ikauke. Nami nikamwambia, mume wangu, karafuu zikishachanua si karafuu tena, na watoto wanadaiwa skuli. Hakunijibu. Akachukua kamba yake na kikapu akaenda. Kiasi cha saa nne akaja mtoto wa jirani mbio, hana hata kiatu, nikajua kabla hajasema.

Tawi la mkarafuu, kwa wasioujua, halipindi. Hukatika tu. Tukamnyanyua, huyu kashika kwapa, yule kashika miguu, tukamtia garini. Hospitali wakatwambia uti wa mgongo umeumia, na kwamba kuanzia kiunoni kwenda chini hatakuwa na hisia wala nguvu. Alikuwa na miaka 41.

Nitasema mambo manne niliyojifunza. Sisemi kama mwanachuoni. Palipo na hukumu ya sheria nimewauliza maustadhi wetu, na nanyi waulizeni.

*La kwanza: neno "lau"*

Miezi ya mwanzo nililala na neno moja tu. Lau nisingemwambia aende. Lau ningenyamaza. Watu wakija kunipa pole na kusema ni kadari ya Mwenyezi Mungu, naitikia kwa mdomo, lakini moyoni nasema nyinyi hamjui nilichosema asubuhi ile.

Katika hadithi iliyo katika Sahihi Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba likikusibu jambo usikae kusema lau ningefanya hivi na hivi, kwani neno hilo linamfungulia shetani kazi yake. Mimi niliishika hadithi hii kwa nusu. Nikaona kama imenikataza kufikiri. Mpaka mwalimu wangu wa darsa akanirudisha kwenye yaliyotangulia: kabla ya hapo hadithi hiyohiyo inatuamrisha tujitahidi katika yenye kutufaa, tumuombe Mungu msaada, na tusiwe wazembe. Yaani kadari haikuja kutuondolea akili. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Shamu akasikia kuna tauni, akarudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari nyengine ya Mungu.

Nikaelewa kuwa kuna kuangalia nyuma kwa namna mbili. Kuna "lau", ambayo haimalizi kazi yoyote, inakuchoma tu. Na kuna kuuliza, je, kesho tufanye nini? Hiyo ya pili ni ibada. Kwetu sasa mti uliolowa haupandwi, hata karafuu zichanue zote. Na nilijifunza jambo ambalo natamani kila mmoja wenu alijue msimu huu: aliyeanguka kutoka juu, awe mkwezi wa mnazi au mchumaji wa karafuu, asinyanyuliwe kwa kwapa na miguu. Uti wa mgongo ukiwa umevunjika, kumkunja kunaweza kuzidisha madhara. Mwambieni asijitikise, mmoja ashike kichwa kisigeuke, kisha mumgeuze mwili mzima kwa pamoja, shingo na mgongo vikiwa mstari mmoja, mumlaze juu ya ubao au mlango uliong'olewa. Sisi hatukujua. Sijui kama ingebadilisha kitu, wala sitaki kujiuliza. Nawaambia kwa ajili ya atakayeanguka kesho, Mungu apishe mbali.

Na kosa langu? Nilimuomba radhi mume wangu. Ilinichukua miezi saba kufungua mdomo. Akaniangalia, akasema, "Wewe ulisema, lakini aliyepanda ni mie. Na mvua hukuileta wewe." Kisha akaomba maji. Nikajua kuwa mzigo ule nilikuwa naubeba peke yangu, na mwenyewe alishautua zamani.

*La pili: subira si kunyamaza*

Tumezoeshwa, hasa sisi wanawake, kuwa mwenye subira ni yule asiyesema. Ukilia unaambiwa, subiri, usikufuru. Lakini angalieni Qur'ani inawasifu kina nani. Nabii Yaakub (a.s.) alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na bado alisema kuwa subira ndiyo njema. Nabii Ayub (a.s.) alimwita Mola wake na kumweleza kwamba dhara limempata, na Mwenyezi Mungu katika Suratu Swad anasema amemkuta ni mwenye kusubiri. Kumbe kumwambia Mola wako kuwa unaumwa hakuvunji subira. Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim, na alipoulizwa akaeleza kuwa machozi yale ni rehema.

Kinachoivunja subira ni kuacha haki. Kuacha sala, kumtukana mgonjwa, kumwachia njaa kwa hasira, kumlaumu Mwenyezi Mungu. Machozi hayamo.

Na Mtume (s.a.w.) amesema, kwa maana yake, kuwa subira hasa ni ile ya pigo la kwanza. Nimeifikiri sana hadithi hii. Zamani nilidhani pigo la kwanza ni siku ile ya kuanguka. Siku ile, wallahi, nilikuwa madhubuti, nyumba imejaa watu, kila mtu ananishika mkono. Lakini mtu aliyepooza mwenziwe hapigwi mara moja. Siku daktari anaposema hatatembea ni pigo la kwanza. Siku ya kwanza unapouona mgongo umeanza kuchubuka ni pigo la kwanza. Siku mtoto mdogo anapouliza baba atanipandisha begani lini, ni pigo la kwanza. Na siku unapotambua kuwa wiki nzima hakuna aliyebisha hodi, hilo nalo ni pigo, na halina mashahidi. Kila moja linataka subira yake mpya. Ya jana haitoshi.

*La tatu: haki za mwenye kuuguza, na haki za mgonjwa*

Hapa ndipo nilipotaka kufika, na ndipo panaponiuma kusema.

Asiye na hisia mwilini hageuki mwenyewe. Usiku kila baada ya saa mbili au zaidi kidogo lazima ageuzwe, ama sivyo vidonda vya kulalia vinamla mpaka mfupa. Mpira wa mkojo lazima uangaliwe usizibe. Ngozi lazima ikaguliwe kila siku, kwa sababu yeye hata akikalia kaa la moto hajui. Hivyo ndivyo siku zinavyokwenda, na usiku hakuna likizo.

Ramadhani ya kwanza baada ya ajali, kumi la mwisho, mpira uliziba, akapandwa na homa. Nilibadilisha shuka mara tatu. Kutoka msikitini nasikia sala ya usiku, sauti ya imamu inakuja vizuri kabisa, nami nimeinama na beseni. Likanipita wazo: lau angekufa siku ile, tungepumzika sote.

Nimeliandika kama lilivyo. Nililiogopa kuliko kitu chochote nilichowahi kufikiri. Nikajiona mnafiki: mchana nafunga, usiku namtakia mume wangu mauti.

Siku ya tatu nikaenda kwa mwalimu wangu nikamwambia, kwa sababu niliona nikinyamaza nitaharibika. Nilitegemea mawaidha. Yeye akaniuliza, "Mwanangu, mara ya mwisho umelala usiku mzima lini?" Sikuwa na jibu. Akasema, basi aliyesema si wewe, ni usingizi. Kisha akanikumbusha kuwa Mwenyezi Mungu ameusamehe umma huu yale yanayopita nafsini, maadamu mtu hakuyatenda wala kuyasema kwa kuyakusudia. Na akanisimulia habari ya Salman na Abu Dardaa, mtu aliyefunga kila siku na kusimama usiku kucha mpaka mkewe akasahaulika. Salman akamwambia kuwa Mola wako ana haki juu yako, na nafsi yako ina haki, na ahli wako wana haki, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Mtume akasema Salman amesema kweli.

Hapo nikaelewa kitu. Nilikuwa nimeifanya nafsi yangu haina haki yoyote, nikaita jambo hilo subira. Nafsi isiyopewa haki yake haiwi tukufu. Inageuka kali, na wa kwanza kuumwa nayo ni mgonjwa mwenyewe.

Mgonjwa naye ana haki zake zisizokuwa dawa na chakula. Ana haki ya kuulizwa. Miezi mingapi sisi tulizungumza juu yake naye yupo palepale kitandani, auzwe ng'ombe au asiuzwe, kama mtoto! Ana haki ya faragha. Ana haki ya kusikitika bila kukaripiwa. Mume wangu aliwahi kuyatamani mauti kwa mdomo wake, naye ndiye aliyejikumbusha mafunzo ya Mtume (s.a.w.): tusiyaombe mauti kwa dhara lililotupata, na ikiwa lazima mtu aseme, amuombe Mungu amuweke hai maadamu uhai una kheri kwake, na amfishe ikiwa kufa ndiko kuna kheri.

Na ana haki ya ibada. Hili nalisema kwa sababu lilitukuta. Karibu miezi miwili hakusali, akidhani mwenye mpira wa mkojo ni najisi wakati wote, hana sala. Ustadh wetu alipojua alikuja usiku uleule. Akamfundisha kuwa mwenye udhuru wa daima anatawadha wakati wa sala unapoingia, kisha anasali na udhuru wake, na kwamba asiyeweza kusimama husali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa husali kwa ubavu. Mume wangu alisali isha ya siku ile amelala, nikasikia sauti yake ikikatika. Kuhusu saumu, daktari amesema lazima anywe maji mengi kutwa ili mkojo usituame, na hali hiyo haitarajiwi kuondoka, basi anatoa fidia: kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku kwa maskini. Vibaba vinne ni pishi moja, na pishi ndilo alilokuwa akilipwa kwalo alipokuwa akichuma. Anavipima mwenyewe kwa mkono wake, hataki mtu amsaidie.

Lakini haki inakwenda pande zote mbili. Maumivu hayampi mgonjwa ruhusa ya kumfanya mwenye kumuuguza kuwa jaa la hasira zake. Wafasiri wanaeleza kuwa Nabii Ayub (a.s.) katika ugonjwa wake aliapa kumchapa mkewe fimbo mia kwa jambo lililomkasirisha, mke ambaye ndiye aliyemhudumia. Alipopona, Mwenyezi Mungu alimwelekeza achukue kicha cha vijiti amguse nacho mara moja, kiapo kisivunjike na mwanamke asiumie. Fikirini hilo, ndugu zangu. Mola aliyemponya mgonjwa hakumsahau aliyekuwa akiuguza.

*La nne: jamaa na jirani*

Mtaniwia radhi kidogo hapa. Kumzuru mgonjwa tunajua ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu. Lakini mgonjwa wa wiki moja na mgonjwa wa miaka si sawa. Wa wiki anahitaji pole. Wa miaka anahitaji zamu. Nimeambiwa "una pepo yako hapo nyumbani" na watu wengi wema, nami nasema amin, lakini wengine waliisema wamesimama mlangoni, wakaondoka wepesi, kama kwamba pepo yangu imewaondolea wao wajibu.

Baada ya mazungumzo yale na mwalimu, kina mama wa darsa hawakunichangia maneno. Walikaa wakapanga usiku. Mawifi zangu na shemeji zangu wanachukua Jumatatu na Alkhamisi, mie nalala. Vijana wa msikiti walipiga mteremko wa saruji mlangoni, na Ijumaa ile kiti cha magurudumu kilipopanda bila kunyanyuliwa na mtu, mume wangu alirudi nyumbani akaniambia, leo nimeingia msikitini kama mtu, sikuingizwa kama gunia.

Hali yake haijabadilika, na sitawadanganya kwa habari ya muujiza. Miguu ni ileile. Msimu ukija anakaa uwanjani na watoto na kina mama, anachambua karafuu na makonyo, na ndiye anayeshika daftari la pishi za wachumaji. Wako waliocheka mwanzo, kazi ya kike. Sasa wanamletea yeye hesabu zao wakigombana.

Turudi Badri. Wanahistoria wa sira wanaeleza kuwa Bibi Ruqayya alifariki, na habari ya ushindi ikafika Madina ndiyo kwanza wamemzika. Uthman hakupona naye mkewe, na hakuiona Badri. Kwa macho ya yule mtu wa hija, alikosa vyote viwili. Kwa Mtume (s.a.w.) aliandikwa pamoja na waliokwenda.

Kwa hiyo, wewe unayeisoma tafakuri hii umekaa pembeni ya kitanda, na kutoka mbali unaisikia tarawehe usiyoifikia: hukuachwa. Safu yako iko hapo ulipo. Unapomgeuza mwenzako saa nane za usiku, nuia. Ukichoka, sema umechoka, na uombe msaada, kwani Uthman alibaki kwa kuwa aliruhusiwa kubaki. Nawe ruhusa ya kupumzika unayo.

Na nyinyi mnaosimama safu za mbele usiku huu, kazi ya leo ni moja. Fikirini nyumba moja yenye mgonjwa wa siku nyingi katika mtaa wenu. Msiulize "mnahitaji nini?", kwa sababu watasema hawahitaji kitu. Semeni, "Kesho usiku nakuja mie, wewe nenda kasali," au "wewe lala." Kisha nendeni kweli.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, na ambao hukuwaandikia kupona wape utulivu. Watie nguvu wanaouguza, uwasamehe yanayopita nafsini mwao usiku, na uwaandikie ujira wa watu wa Badri. Walinde wakwezi wetu na wachumaji wetu. Ufanye mwezi huu kuwa hoja kwetu, usiwe hoja juu yetu. Amin.

Mfikishieni ambaye mnajua anauguza. Kesho In shaa Allah tukutane na Ramadhani 18.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.